Vienna mwezi wa kumi: makumbusho, opera ya kusimama na vitu vya kwetu vilivyoko kule (UZI)

BintiChumbageni

Habari za jioni wakuu. Kila ikikaribia mwezi wa tisa inbox yangu inajaa swali lile lile, dada nakuja Ulaya kikazi nina siku mbili tatu za kupumua niende wapi, nikijibu Vienna, mji mkuu wa Austria, watu wananiuliza kuna nini kule zaidi ya keki. Sasa nimechoka kuandika mmoja mmoja, nafungua uzi, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwanza msije Julai na Agosti. Joto, mabasi ya watalii, halafu opera ya taifa inafungwa miezi hiyo, unabaki kuipiga picha kwa nje. Mji wenyewe unaamka Septemba mwishoni na Oktoba, wenyeji wamerudi likizo, giza linaingia mapema, baridi inawasukuma watu ndani, na makumbusho makubwa yanajua hilo kwahiyo maonyesho mazito wanayafungua kipindi hicho yanaenda mpaka Januari. Mwaka 2018 makumbusho ya sanaa, Kunsthistorisches, walifungua Oktoba yale ya mchoraji wa zamani Bruegel, kuelekea miaka 450 tangu afariki, mji mzima ukawa hauongei kingine na tiketi zikawa zinauzwa kwa saa. Mwaka uliofuata wakaja na wasanii wa Italia Caravaggio na Bernini, Oktoba tena, na makumbusho ya Albertina wakawa na mchoraji Mjerumani Dürer. Ndio mtindo wao. Nini kipo mwaka huu utaangalia kwenye tovuti zao, mimi hapa naongelea vile ambavyo havihami.

Hiyo Kunsthistorisches ilifunguliwa 1891, inatazamana na pacha wake la viumbe na mawe, Naturhistorisches, la 1889, katikati ipo sanamu ya mtawala wao wa zamani Maria Theresia kakaa kwenye kiti chake. Ukiingia usianze kukimbia vyumba vyote utaumwa miguu na kichwa na hutakumbuka kitu. Panda ngazi, angalia juu katikati ya nguzo kuna michoro ambayo mchoraji Klimt aliifanya akiwa kijana hajawa mtu maarufu na wengi wanapita chini yake wakitafuta choo. Afu nenda moja kwa moja chumba namba 10. Hapo ndipo walipo Bruegel, michoro yake 12, hakuna sehemu duniani wenye mingi kama hiyo, maana yote iliyobaki haizidi sana 40.

Watu wote wanajazana kwenye Mnara wa Babeli wa 1563 na ile ya wawindaji kwenye theluji. Sawa ni nzuri, wale wawindaji wanarudi na mbweha mmoja tu na mbwa wamekonda, ukitoka kijijini unaelewa maana ya kurudi na mbweha mmoja. Lakini mimi nawaambia geukeni, pale pale kuna ingine ya mwaka 1565, ng'ombe wanashushwa kutoka malishoni mlimani kurudi kijijini, miti imeshapukutika, mawingu meusi yanakuja nyuma yao na wachungaji wana fimbo ndefu. Ndiyo picha yake ya vuli. Zilikuwa sita za misimu ya mwaka, alizichorea mfanyabiashara mmoja wa Antwerp, moja imepotea, moja ipo Prague, moja New York, tatu ziko hapo chumbani. Benchi la kukalia lipo. Kaa. Hata ukitoka hapo hujaona kingine chochote hela yako imerudi.

Pili ni ule usiku mrefu wa makumbusho, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Shirika la utangazaji la taifa ORF ndio wanaandaa tangu 2000, tiketi moja inakuingiza makumbusho yote yanayoshiriki, makubwa na vile vidogo vya ajabu ajabu, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka usiku mnene, na yapo mabasi ya kuwazungusha watu. Ushauri wangu usiende makubwa usiku huo, foleni yake inakula muda wote, makubwa yapo kila siku. Nenda vidogo ambavyo siku ya kawaida usingelipia.

Nitaendelea, naenda kupika.

Mzee wa Reli

Niwekeeni kiti hapa mbele kabisa. Mama Tanga ukianza kuandika huwa hauna breki.

Fundi Saa

Uzi mzuri dada ila mbona hujamtaja yule sungura? Mwenzangu alienda akaniletea kikombe chenye picha ya sungura anasema ndio mchoro maarufu Vienna yote.

BintiChumbageni

Fundi Saa huyo ni sungura wa Dürer, wa Albertina, kachorwa 1502 kwa rangi za maji kwenye karatasi, kila unywele unauona. Sasa hapo ndipo watu wanapigwa na butwaa, karatasi na rangi za maji vinaliwa na mwanga, kwahiyo original inatolewa miezi michache tu halafu inarudi gizani miaka kadhaa ipumzike. Kwenye yale maonyesho ya 2019 ilitoka. Muda mwingine unaona nakala ukutani, na watu wanapiga selfie na nakala kwa furaha zote, mi siwaharibii. Ukitaka kumuona mwenyewe uliza kabla ya kununua tiketi.

Na The Kiss, yaani Busu, ya Klimt ipo kasri la Belvedere ya juu, hiyo haihami ipo mwaka mzima, ni ya mraba sentimita 180 kwa 180, dhahabu tupu. Tiketi ni ya saa maalum, kata mtandaoni uende asubuhi wanapofungua tu. Kiukweli mimi nikienda pale nakaa zaidi kwenye picha za mchoraji Schiele kuliko hapo kwenye busu, ila ni mapendeleo tu.

Kalulu254

Maze nimesoma yote, inabamba, lakini niulize kitu. Si haya mamuseum ya Ulaya ni stoo za vitu walibeba kwa watu? Mtu wa kwetu aende alipe pesa aone vitu vya babu yake nyuma ya kioo? Mimi hiyo pesa nitakula nayo nyama choma.

Mzee wa Reli

Kalulu hapo umegonga.

BintiChumbageni

Kalulu kaka yangu ndio nilikuwa nakuja huko, tena swali lako ndilo limenifanya nifungue uzi huu, hizo za Bruegel zilikuwa chambo.

Kuna jumba linaitwa Weltmuseum, liko Neue Burg pale uwanja wa Heldenplatz, zamani lilikuwa na jina la kizamani la makumbusho ya watu wa mataifa, 2013 likabadilishwa jina, likafungwa kwa matengenezo, likafunguliwa tena Oktoba 2017. Lina vitu kama laki mbili. Ndani kuna sanamu na mabamba ya shaba ya ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, yale ambayo jeshi la Waingereza lilipora 1897 yakauzwa Ulaya nzima. Lipo taji la manyoya la Mexico la karne ya 16, Wamexico wanalidai miaka yote na wataalam wakasema mtikisiko wa ndege utalivunja, na mjadala ndio upo hapo hapo mpaka leo. Na kipo chumba kizima kinaongelea ukoloni, kwamba vitu hivi vilifikaje huku wakati Austria wenyewe hawakuwa na koloni Afrika.

Jibu ni kwamba hawakuhitaji koloni, walikuwa na watu wao ndani ya makoloni ya wenzao. Sasa sikilizeni watu wa Tanga. Kulikuwa na bwana anaitwa Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna 1864. Mwaka 1888 alikuwa Usambara na yule Hans Meyer Mjerumani, wakarudi pwani wakakuta vita vya Abushiri vimeshawaka, wakakamatwa upande wa Pangani, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa kulipiwa fidia. Meyer ndio yule yule aliyefika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889 akiwa na mwalimu wa mazoezi Muaustria, Ludwig Purtscheller, huyu wa pili huwa tunamsahau. Baumann naye akarudi bara, 1892 akafika Ngorongoro, Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu lile shimo, mwishoni akawa konseli wa Austria-Hungary Unguja. Akafa Vienna 1899 hajafika hata miaka 36. Na mkusanyiko wake, maelfu ya vitu vya huku kwetu, uko kwenye jumba hilo hilo ninalowaambia.

Sasa wengine watasema alinunua. Sawa. Lakini alifika Umasaini wakati sotoka imeshamaliza ng'ombe, mwenyewe kaandika habari za watu waliobaki mifupa wanaomba chakula kwenye kambi yake. Mtu wa hali hiyo ukimpa nafaka akakupa ngao ya baba yake, hiyo tunaita kununua? Mimi nilisimama pale nikajiuliza hilo swali na sikuwa na mtu wa kubishana naye, ndio maana nawaletea nyie.

Shangazi Mkubwa

Dah. Hiyo ya sotoka bibi yetu alikuwa anaisimulia, wao walisikia kwa wazee wao, kwamba watu walikula ngozi.

Kalulu254

Aisee umeninyamazisha. Lakini bado ni hoja yangu si yako, vitu virudi.

BintiChumbageni

Wala sikubishii. Austria wenyewe 2022 waliunda kamati ya kushauri kuhusu mali zilizopatikana kikoloni, mkuu wake alikuwa mkurugenzi wa hilo jumba, na 2023 kamati ikatoa mapendekezo namna ya kurudisha. Wanasogea kwa mwendo wao. Ila nakuambia, wa kwetu wasipoenda kuangalia na kuuliza kwa majina, kwamba kile kigoda cha nani, nani atadai? Huwezi kudai kitu hujui kiko kabati gani.

Halafu wewe Mkenya una lako Vienna. Ziwa Turkana liliitwa nani?

Kalulu254

Lake Rudolf. Sijui Rudolf ni nani though, nilidhani Mjerumani flani.

BintiChumbageni

Rudolf alikuwa mtoto wa mfalme wa Austria, mrithi wa kiti. Count Teleki, Mhungaria, na ofisa wa jeshi la maji Ludwig von Höhnel walifika ziwani Machi 1888 wakalipa jina la mwana wa mfalme, na lile dogo kaskazini wakalipa jina la mkewe, Stefanie. Kana kwamba Waturkana walikuwa wanakunywa maji yasiyo na jina. Hata mwaka haukuisha vizuri, Januari 1889 Rudolf akakutwa kafa kwenye nyumba yake ya uwindaji Mayerling na binti wa miaka 17, kesi ambayo watu wa Vienna wanaila hadi leo kama sisi tunavyokula habari za wasanii. Jina likadumu Kenya mpaka 1975. Rudolf mwenyewe yupo kwenye handaki la makaburi ya wafalme pale Neuer Markt, baba yake kalala katikati, yeye upande mmoja na mama yake upande wa pili. Hajawahi kuliona hilo ziwa.

Fundi Saa

Hii ndio elimu sasa. Shuleni tuliambiwa Rebmann na Krapf basi.

MtuWaMwambao

Samahanini naingia kati. Da Binti nasikia kuna Mwafrika alikaushwa akawekwa makumbusho hapo hapo Vienna, ni kweli au maneno ya mtandaoni?

BintiChumbageni

Ni kweli na nilikuwa nasita kuileta maana inaumiza.

Anaitwa Angelo Soliman, hilo jina kapewa tu, alikamatwa mtoto Afrika Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1700, akapitia Sicily, akatolewa zawadi kwa mkuu mmoja wa ukoo mkubwa kama unavyotoa saa, baadaye akawa kwenye nyumba ya Liechtenstein hapo Vienna. Akajifunza lugha kibao, akawa mtu wa watu, akaoa mwanamke wa pale 1768 kwa siri, akawa mwanachama wa chama cha freemason pamoja na wasomi wakubwa wa mji. Yaani mtu wa heshima zake. Alipofariki Novemba 1796 wakamchuna ngozi, wakaivisha kwenye umbo la mbao, wakamvalisha manyoya ya ndege na shanga, vitu ambavyo Vienna hakuwahi kuvivaa maisha yake, wakamsimamisha kwenye makusanyo ya kifalme ya wanyama na viumbe. Binti yake Josephine alihangaika wamkabidhi amzike baba yake wakamkatalia. Akasimama hapo miaka, mpaka wakaja kumhifadhi stoo ya juu na Oktoba 1848 mapinduzi yalipowaka jengo likapigwa moto, akaungua. Hayo makusanyo ndiyo yaliyokuja kuzaa Naturhistorisches ya leo.

Wien Museum walimfanyia maonyesho yake mwenyewe vuli ya 2011, jina lake likawa kwenye mabango ya mji. Miaka zaidi ya mia mbili imepita ndio anatajwa kama mtu.

MtuWaMwambao

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kumnyima mtoto maiti ya babake.

Shangazi Mkubwa

Nimeshindwa kumaliza chai.

Mzee wa Reli

Tubadilishe hewa kidogo jamani. Mimi nina wajukuu wawili wa huko Munich nataka nipande nao treni tuje, hawa si wa kukaa mbele ya ng'ombe wa Bruegel. Niwapeleke wapi na nitafilisika kiasi gani?

BintiChumbageni

Mzee shikamoo. Habari njema, makumbusho ya serikali kuu watoto na vijana chini ya miaka 19 hawalipi, unalipa wewe tu. Wapeleke Naturhistorisches, dinosaria wapo, vimondo vya kutoka angani vimejaa chumba, na pale pale kuna kale kasanamu ka mwanamke mnene wa Willendorf, sentimita 11, kalichimbuliwa 1908 wakijenga reli, nakutajia reli maana nakujua. Kana miaka karibu elfu 30. Watoto watacheka, waache wacheke.

Halafu Wien Museum pale Karlsplatz, lilifunguliwa upya Desemba 2023 na maonyesho yake ya kudumu ni bure kabisa kwa kila mtu. Ndani ananing'inia sanamu ya nyangumi mkubwa aliyekuwa juu ya paa la mgahawa kule bustani ya michezo ya Prater. Wajukuu watakaa kwa nyangumi wewe utasoma historia ya mji, mambo yameisha.

Na mkija karibu na tarehe 26 Oktoba ni sikukuu ya taifa, siku walipopitisha sheria ya kutofungamana na upande wowote 1955. Jeshi linaleta vifaru na helikopta Heldenplatz watoto wanapanda, na makumbusho kadhaa yanashusha bei au bure siku hiyo. La jeshi huwa bure, humo ndimo lilipo gari alilopigiwa risasi Franz Ferdinand kule Sarajevo 1914, na koti lake lenye damu.

MtuWaMwambao

Na huo mvinyo mpya wa vuli nasikia ni kama juisi tu, mtu wa kwetu anaruhusiwa?

BintiChumbageni

Hapana sheikh wangu! Hiyo inaitwa Sturm, ni zabibu zinachacha bado, kwa macho ni togwa kabisa, tamu, lakini ni pombe na inapanda taratibu kisha ghafla. Chupa yake haifungwi ikabana maana gesi ingeipasua, ikilala kwenye begi umelowa. Wauzaji wa mitaani huwa hawakwambii maana wanadhani kila mtu anajua. Wewe nunua njugu za kuchoma zile kubwa, Maroni, wanachoma kwenye vibanda vya mkaa, wanakufungia kwenye karatasi unashika mkononi unapata moto na chakula kwa wakati mmoja.

Fundi Saa

Opera dada, opera. Mke wangu ananisumbua nayo na nimeona tiketi bei ya pikipiki.

BintiChumbageni

Msilipe hiyo. Opera ya taifa ina nafasi za kusimama, zinauzwa siku hiyo hiyo kwa bei ambayo ukiambiwa utadhani wamekosea. Ukishaingia unafunga skafu kwenye chuma mbele yako, hiyo nafasi ni yako, unaweza kwenda kunywa maji ukarudi hakuna atakayeigusa. Skafu tu. Mjomba wangu alipoona alisema stendi ya Ubungo hiyo skafu ingeondoka na nafasi pia. Ushauri, vaa raba, na opera ya kwanza usichague Wagner, ni masaa matano umesimama, mkeo atakuacha.

Na kwa wapenda filamu, tamasha la filamu la Viennale linakuwa nusu ya pili ya Oktoba, ipo tangu 1960, siyo ya zulia jekundu sana, ni ya watu wanaopenda filamu kweli. Gartenbaukino ndio ukumbi wake mkubwa, kakae pale hata usipojua filamu ni ya nani.

Mzee wa Reli

Nilisikia pia kuna makumbusho ya mazishi. Wazungu bwana.

BintiChumbageni

Ipo mzee na mimi ndio naipenda kuliko zote, sijui niwaambieje. Ipo makaburi makuu, Zentralfriedhof, yalifunguliwa 1874, watu kama milioni 3 wamezikwa, ndani utawakuta Beethoven, Schubert, Brahms. Unapanda tramu 71, na tarehe 1 Novemba, siku ya watakatifu wote, mji mzima unaenda na mishumaa na maua. Sasa kwenye hayo makumbusho lipo jeneza la mfalme Joseph wa Pili, miaka ya 1780 aliona watu wanaharibu mbao na hela kwenye mazishi akaamuru jeneza la kurudia, chini lina mlango, ukifunguliwa maiti inashuka kaburini, jeneza linarudi kumchukua mwingine. Wananchi walikasirika mpaka ikabidi afute amri.

MtuWaMwambao

Sasa walikasirikia nini? Sisi jeneza la msikiti si linabeba kila mtu tangu enzi na enzi, tajiri na maskini, unazikwa na sanda yako linarudi msikitini.

BintiChumbageni

Ndio nilimwambia yule dada wa mapokezi hivyo hivyo, akaniita mwenzake aje asikie.

Kalulu254

Sawa nimekubali, nyama choma itangoja. Nipe route ya siku mbili, mimi nakuja kwa Rudolf kwanza nimwambie ziwa lilirudisha jina lake.

BintiChumbageni

Haha karibu. Uwanja wa ndege usipande ile treni ya kijani ya haraka, bei yake ni ya wageni, panda S7 ya kawaida unachelewa dakika chache tu. Kata tiketi kabisa, metro haina mageti utadhani ni bure halafu wanaingia wakaguzi wamevaa kiraia, faini inazidi yuro 100 na hawasikilizi kwamba we mgeni.

Siku ya kwanza asubuhi Bruegel, vuka barabara kubwa ya Ring uingie Weltmuseum, jioni skafu yako opera. Siku ya pili handaki la Rudolf Neuer Markt, tembea Karlsplatz kwa nyangumi, mchana tramu 71. Makoti na mabegi yanaachwa mapokezi kila jumba kwahiyo beba kimfuko kidogo cha simu na pasi. Angalia siku za kufungwa kabla hujatoka hotelini, wengine wanafunga Jumatatu wengine Jumanne. Na Weltmuseum ukifika uliza vya Baumann, wakikuambia viko stoo andika barua pepe uombe kuviona, wanajibu.

Kalulu254

Barua tunaandika kwa Kijerumani ama?

BintiChumbageni

Andika kwa Kiingereza, na chini yake weka Kiswahili. Nitumie PM nikusahihishie kabla haujatuma.